Risman: nahodha aliyeshinda hata baada ya vita

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipoanza Septemba 1939, Gus Risman alikuwa na miaka 28, umri ambao mwanaraga ana nguvu za ujana na tayari amekomaa mchezoni. Mwaka uliotangulia alikuwa ameiongoza klabu ya Salford kuilaza Barrow 7-4 na kutwaa Kombe la Challenge uwanjani Wembley. Muda si mrefu akavaa magwanda.

Mzaliwa huyu wa Cardiff, Wales, mtoto wa wahamiaji kutoka Latvia, alijiunga na Salford mwaka 1929 kucheza raga ya ligi, ile ya wachezaji 13, kwa malipo. Raga ya wachezaji 15 ilikuwa ya ridhaa, na aliyelipwa kwenye ligi alipigwa marufuku ya maisha.

Jeshini marufuku hiyo ikawekwa kando. Risman akaichezea Wales katika mechi za kimataifa za majeshi, bega kwa bega na wachezaji wa ridhaa. Mwaka 1944, pale Odsal mjini Bradford, wanajeshi wa ligi waliwakabili wenzao wa ridhaa kwa sheria za watu 15, wakawashinda 15-10. Amani iliporudi, marufuku nayo ikarudi, ikadumu hadi 1995. Inauma: walioaminiwa kupigana pamoja hawakuruhusiwa kucheza pamoja.

Mwaka 1946, akiwa na miaka 35, Risman aliongoza kikosi cha Uingereza kwenda Australia. Walisafiri kwa Indomitable, manowari ya kubeba ndege, hadi Fremantle, kisha wakakata bara zima kwa treni. Katika mechi ya kwanza ya Ashes, mfululizo wa mechi dhidi ya Australia, mchezaji wao Jack Kitching alitolewa nje; waliobaki 12 wakang'ang'ania sare ya 8-8. Kisha wakashinda 14-5 Brisbane na 20-7 Sydney. Wakamaliza mechi za Ashes bila kufungwa.

Mwaka huohuo akahamia Workington Town, klabu changa katika mji wa makaa ya mawe na chuma, awe mchezaji na kocha. Mwaka 1951 wakawa mabingwa wa ligi. Mwaka 1952, Risman akiwa nahodha mwenye miaka 41, wakaichapa Featherstone Rovers 18-10 na kubeba Kombe la Challenge.

Misimu iliyomezwa na vita hakurudishiwa. Lakini Workington ilipata mataji kwa sababu alikuja na vitu ambavyo umri haukumpokonya: jicho la kuusoma mchezo na moyo wa kuwaongoza wenzake.