Nukta Mbili Zatosha Kusoma Homa ya Mtoto

Vipimajoto vingi vya nyumbani huonyesha nyuzi za Selsiasi, na vingine nyuzi za Farenhaiti. Mzazi asiyejua kubadili namba hizo aweza kupuuza homa kali ya mtoto. Njia ya kubadili ni kutafuta mlinganyo wa mstari mnyoofu upitao katika nukta mbili.

Nukta ya kwanza ni barafu inapoyeyuka: Selsiasi 0, Farenhaiti 32. Ya pili ni maji yanapochemka katika usawa wa bahari: Selsiasi 100, Farenhaiti 212. Tofauti ya Farenhaiti, 180, ikigawanywa kwa tofauti ya Selsiasi, 100, hupatikana 1.8. Huo ndio mwinuko wa mstari: kila Selsiasi ipandapo 1, Farenhaiti hupanda 1.8. Na kwa kuwa mstari waanzia 32, mlinganyo ni F = 1.8S + 32.

Kipimajoto kikionyesha Farenhaiti 102, ondoa 32, zabaki 70. Gawanya kwa 1.8, hupatikana Selsiasi 38.9 hivi. Selsiasi 38 na kuendelea ni homa. Penye malaria, mtoto huyo na apelekwe zahanati akapimwe damu siku hiyo hiyo.