Taa ya oili ikiwaka: ni sensa mbovu au injini inakufa?

Wasafirishaji wanaotumia malori ya zamani katika njia za Dar es Salaam hadi Tunduma au Mombasa hadi Malaba wanalifahamu tatizo hili: taa nyekundu ya oili inawaka, au mshale wa geji unashuka hadi sifuri, huku injini ikinguruma kama kawaida. Baadhi ya madereva husema "ni sensa tu" na kuendelea na safari. Wamiliki wengine hukubali injini ifunguliwe kabla kitu chochote hakijapimwa. Njia zote mbili zina hasara.

Kwanza simama mahali salama na uzime injini. Injini isiyo na presha ya oili inaweza kunoki kwa muda mfupi na mzigo ukalala njiani. Subiri kama dakika 10 oili ishuke, kisha pima kwa kijiti gari likiwa mahali tambarare. Oili ikipungua, ongeza na utafute inapovuja. Ikiwa nyepesi na inanuka dizeli, usiwashe injini.

Aina za sensa

Magari mengi ya zamani yana swichi ya taa, sensa ya geji, au zote mbili. Swichi haipimi presha. Huzima taa tu presha inapopita kiwango kidogo, mara nyingi kati ya bar 0.3 na 0.5. Maana yake, taa ikiwaka kwa ukweli, presha imekaribia kwisha. Sensa ya geji ndiyo inayoonyesha presha inavyopanda na kushuka.

Kupima waya

Zungusha ufunguo bila kuwasha injini, taa iwake. Chomoa waya wa swichi. Taa isipozima, waya umechubuka na unagusa bodi, hivyo tengeneza waya kwanza. Ikizima, waya hauna kosa hilo, lakini bado hujajua kama mbovu ni swichi au ni injini.

Kipimo cha uhakika

Fundi afungue sensa na kufunga geji ya mkono kwenye tundu lile lile, kisha apime injini ikiwa baridi na tena ikiwa moto. Kanuni ya mafundi wengi ni psi 10 kwa kila mizunguko 1,000 kwa dakika, ingawa kipimo cha kufuata ni cha kitabu cha gari. Presha ikiwa nzuri, badilisha sensa. Ikiwa chini, sensa ilisema kweli: kagua pampu ya oili, chujio lake na beringi za krenki.

Jihadhari na taa inayowaka na kuzima injini ikiwa moto na haijakanyagwa mafuta, kwa mfano baada ya kupanda mlima Kitonga. Oili ya moto huwa nyepesi, na beringi zilizolika huipitisha kwa urahisi. Hapo mara nyingi kosa si la sensa.

Unaponunua sensa, linganisha meno yake na ya zamani. Ya magari ya Japani na ya Marekani hufanana kwa macho lakini hayaingiliani. Ukilazimisha, utaharibu tundu. Usizungushe tepu nyingi ya mabomba, kwani sensa ya waya mmoja hupata hasi kupitia meno hayo.

Kwa safari ndefu, beba swichi ya akiba na geji ya mkono. Gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na kufufua injini.