Kindu: Skuta au pikipiki? Mambo ya kupima kabla ya kutoa dola

Katika mji wa Kindu, makao makuu ya jimbo la Maniema, kwa miaka mingi baiskeli ndiyo iliyobeba watu na mizigo. Leo pikipiki imechukua nafasi kubwa, na wafanyakazi wengi wanamlipa motari asubuhi na jioni. Wale wanaofaulu kuweka akiba wanajiuliza kama haingekuwa vema kununua chombo chao wenyewe. Skuta ya wastani, yenye injini ya cc 125 hadi 150, inavutia macho: haina kleji wala gia za kubadilisha, ina nafasi ya kuweka mzigo chini ya kiti, na anayevaa kikwembe anaikalia bila taabu. Lakini akiba ya mwaka mzima inaweza kulala uani ikiwa chombo hakifai kwa barabara za mji.

Jambo la kwanza ni magurudumu. Skuta nyingi zina magurudumu ya inchi 10 hadi 14, na tumbo lake liko karibu na ardhi. Kwenye lami hilo si tatizo. Lakini nje ya barabara chache za lami, Kindu ni udongo, na mvua inachimba mashimo haraka. Gurudumu dogo linazama pale ambapo gurudumu kubwa linapita. Pikipiki za Kihindi kama Bajaj Boxer na TVS HLX, zinazojulikana sana mashariki mwa Kongo, zina magurudumu ya inchi 17 au 18, na tumbo lake liko juu zaidi.

La pili ni mto. Mitaa ya Kasuku na Mikelenge iko ng'ambo ya kushoto ya Lualaba, Alunguli ng'ambo ya kulia. Anayelala Alunguli na kufanya kazi Kasuku anategemea mtumbwi au kivuko. Chombo cha kilo 110 hadi 130 kinahitaji watu wawili au watatu kukipandisha kwenye mtumbwi, na kila kilo inahesabika. Plastiki za kando za skuta nazo hupasuka upesi zikigonga ubao, wakati chuma cha pikipiki ya kazi kinavumilia.

La tatu ni esanse. Kindu iko mbali na mipaka. Mafuta yanakuja kwa safari ndefu, na reli ya SNCC inayounganisha mji huu na Kalemie na Lubumbashi haina haraka. Yakikosekana, bei ya chupa kwa wakadhafi inapanda. Hesabu si ngumu: anayetembea kilomita 10 kwa siku, siku 6 kwa juma, anafikia kama kilomita 240 kwa mwezi. Kwa lita 2 na nusu kwa kilomita 100, atahitaji lita 6. Hapo tofauti ya matumizi kati ya skuta na pikipiki ni ndogo. Tofauti kubwa iko kwenye tangi: skuta nyingi zinabeba lita 5 hadi 8, Boxer na HLX zinapita lita 10. Anayejaza tangi kubwa siku mafuta yapo anavuka juma la uhaba bila wasiwasi.

La nne, ambalo wanunuzi wengi wanalisahau, ni fundi na pyesi. Skuta inaendeshwa na mukanda wa mpira ndani ya kifuniko. Mukanda huo unachakaa, na vumbi linaharakisha kuchakaa kwake. Ukikatika, chombo kinasimama hapo hapo, na kama mukanda wa aina hiyo haupo sokoni, mwenye chombo atasubiri mzigo kutoka mbali. Mnyororo wa pikipiki ya kawaida, kinyume chake, fundi wa kona anaujua, kwa sababu wamotari wanautumia kila siku. Ni vema pia kuangalia kama chombo kina kiki ya mguu: betri ikifa na kiki haipo, safari imekwisha.

Kuna njia ya katikati. Pikipiki za mfano wa Honda Super Cub, iliyotoka Japani mwaka wa 1958 na kupita milioni 100 mwaka wa 2017, zina nafasi wazi mbele ya kiti kama skuta, hazina kleji ya mkono, lakini zina mnyororo na magurudumu ya inchi 17. Makampuni mengine ya Asia yanatengeneza za mfano huo. Kasoro yake ni tangi dogo.

Bei ya dukani si bei yote. Mnunuzi aongeze plaki, kadi ya pinki, bima na permi, maana sheria ya barabara ya tarehe 30 Agosti 1978 inahusu pikipiki pia. Aongeze kaski mbili, yake na ya abiria: tafiti nyingi zilizokusanywa pamoja zinaonyesha kwamba kaski inapunguza hatari ya kufa katika ajali kwa karibu asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa karibu asilimia 69.

Kwa hiyo, anayeishi na kufanya kazi kando ya lami, bila kuvuka mto, anaweza kuchukua skuta, mradi kwanza aulize sokoni kama mukanda wake unapatikana. Anayepita matope au mtumbwi kila siku, pikipiki yenye gurudumu kubwa itamfikisha kazini hata wakati wa mvua.