Uzamili wa kompyuta bila kuacha kazi

Januari 2014, Georgia Tech, chuo kikuu kilichoko Atlanta, Marekani, kilianza kufundisha uzamili wa sayansi ya kompyuta mtandaoni kwa ada isiyofika dola 7,000 kwa masomo yote. Wengi walishuku shahada ya bei hiyo. Hata hivyo kozi ni 10, mitihani ni migumu, na cheti hakitofautiani na cha aliyekaa darasani Atlanta. Wanafunzi wa kwanza walikuwa mia kadhaa. Leo wamepita 10,000.

Kinachonivutia kuliko bei ni udahili. Chuo cha kawaida huwaacha nje watu wenye uwezo kwa kuwa viti vimejaa. Mtandaoni viti haviishi, hivyo chuo humpokea mwenye sifa, kisha kozi zenyewe zinampima: asipopata angalau B katika kozi mbili za msingi ndani ya mwaka wa kwanza, hawezi kuendelea. Naona hiyo ni haki. Mfanyakazi wa benki pale Kariakoo, aliyehitimu zamani kwa alama za kawaida, anapata nafasi ya kuonyesha alivyo sasa.

Ila tusidanganyane: ratiba imelegezwa, masomo hayakulegezwa hata kidogo. Anayesomea Dar es Salaam au Nairobi hutazama mihadhara iliyorekodiwa usiku, watoto wakishalala. Kazi inayotakiwa saa sita usiku wa Jumapili kwa saa za Atlanta, kwake ni Jumatatu saa moja asubuhi, au saa mbili Wamarekani wakirudisha saa nyuma mwezi Novemba. Muda huo yuko kwenye foleni ya magari. Siku ya mtihani huzungusha kamera chumba kizima, juu ya meza na chini yake, na tangu hapo programu inamwangalia mpaka amalize. Familia inapaswa kujua mapema kwamba saa hizo mlango haugongwi.

Kwa hiyo nashauri kozi moja kwa muhula. Kwa mihula mitatu kwa mwaka, mtu anamaliza katika miaka mitatu na ushee, na chuo kinampa hadi 6. Wanaobeba kozi mbili mbili huku wana kazi na familia hujitesa bure.

Upweke nao upo. Mwaka 2016 Profesa Ashok Goel aliingiza darasani msaidizi wa akili mnemba aitwaye Jill Watson, na wanafunzi walimdhania mtu mpaka walipoambiwa mwishoni mwa muhula. Maswali ya tarehe na taratibu programu inayaweza. Ukikwama na hitilafu saa nane usiku, unamhitaji mwenzako anayesoma kozi hiyo hiyo.

Kusoma kwa masafa si kugeni kwetu. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992. Na mwenye wasiwasi hana haja ya kulipa kwanza: mihadhara mingi ya mpango huu wa Atlanta imewekwa wazi bure. Achukue ile ya mifumo endeshi, aifuate wiki nne mfululizo, kwa saa zile zile anazokusudia kusomea baadaye, ndipo ajaze fomu.