Somo la Afya: Chunusi za Vijana

Somo letu la leo ni habari za chunusi. Simsemi yule chunusi wa majini, ambaye watu wa pwani husema huwavuta waogeleaji chini. Nasema vipele vitokavyo usoni, mgongoni na kifuani, hasa kwa vijana.

Kijana akitoka chunusi watu humsema mengi. Wengine husema hanawi vizuri. Wengine humcheka kwamba anataka kuoa. Na msichana huambiwa hatapona mpaka aolewe. Maneno hayo si kweli, tena yana madhara, maana kijana aliyeona haya haendi kwa daktari. Huenda dukani akanunua kopo lolote atakaloonyeshwa.

Basi chunusi hutoka wapi? Ndani ya ngozi, kando ya shina la unywele, mna kitezi kidogo cha mafuta. Wakati wa utoto vitezi hivyo ni kama vimelala. Kijana akianza kubalehe, mwili hutoa homoni, yaani vitu ambavyo tezi humimina katika damu ili vikafanye kazi mahali pengine. Zile za kiume, kama testosteroni, ndizo huviamsha vitezi vya mafuta. Msije mkadhani wasichana hawana homoni hizo. Wanazo, ila ni chache. Mafuta yakizidi, na ngozi iliyokufa ikagandamana nayo, kitundu cha unywele huziba. Bakteria waishio humo huongezeka, pakavimba, pakafanya usaha. Na kile kidoa cheusi kinachoonekana juu ya baadhi ya chunusi si uchafu. Ni rangi ya ngozi yenyewe pamoja na mafuta yaliyopigwa na hewa, kwa hiyo hata ukikisugua kwa dodoki mpaka ngozi iwake moto, hakitoki.

Jambo hili lilithibitishwa zamani. Mwaka 1941 mtaalamu wa Marekani, James B. Hamilton, alieleza kwamba wanaume waliohasiwa kabla ya kubalehe hawakutoka chunusi. Lakini baadhi yao walipopewa testosteroni, walizitoka. Hawakuwa wameacha kunawa, wala hawakuwa wameoa.

Homoni ndizo pia huwafanya wanawake wengi watoke vipele siku chache kabla ya hedhi. Lakini mwanamke ambaye hedhi zake hazina mpango, na anaota nywele kidevuni, afadhali apimwe, maana huenda ovari zake zina kasoro inayohitaji matibabu.

Sasa dawa. Naweo uso mara mbili kwa siku kwa maji na sabuni laini, yatosha. Msizikamue chunusi, kwa kuwa ngozi nyeusi ikiumizwa huacha madoa meusi, na madoa hayo hukaa miezi mingi kuliko kipele chenyewe. Katika duka la dawa ulizeni dawa ya kupaka iitwayo benzoili peroksaidi. Anzeni na ile isiyo kali, ya asilimia 2.5, nanyi mwangalie foronya zenu, maana hupausha nguo. Iko nyingine iitwayo adapalini, ya kupaka usiku, kiasi cha punje moja ya mbaazi kwa uso mzima. Mja mzito asiitumie. Lakini subirini. Juma la kwanza ngozi hukauka na kuwasha, na wengi huacha hapo hapo. Nafuu huonekana baada ya majuma sita au manane, pengine miezi mitatu.

Hatari kubwa iko katika krimu za kujichubua, na ule mkorogo unaochanganywa vibandani. Nyingi zina dawa kali kama klobetasoli au betamethasoni. Uvimbe hushuka upesi, mtu akafurahi. Kisha ngozi huwa nyembamba, na chunusi hurudi nyingi zaidi ya kwanza. Nyingine zina zebaki, ambayo huharibu figo.

Chunusi kubwa zinazouma na kuacha makovu ni kazi ya daktari. Huenda akatoa vidonge vya kuua bakteria kwa miezi michache, pamoja na dawa ya kupaka. Kwa wanawake, vidonge fulani vya kupanga uzazi hupunguza nguvu ya homoni za kiume. Lakini vijiti na sindano huweza kuwazidishia wengine chunusi, kwa hiyo mwelezeni mhudumu. Yenye nguvu kuliko zote ni isotretinoini, ambayo husinyaza vitezi vya mafuta. Hiyo huharibu mtoto tumboni. Mwanamke asiimeze bila daktari kuhakikisha kwamba hana mimba, naye ajizuie kushika mimba muda wote wa kuitumia, na mwezi mmoja baada ya kuiacha.

Juma lijalo, tukijaliwa, tutazungumza habari za mba. Kwaherini.