Fahamu: Vipokezi vya melatonini, zaidi ya usingizi

Giza likiingia, tezi ndogo ndani ya ubongo humwaga melatonini katika damu. Peke yake homoni hiyo haina nguvu. Hufanya kazi hasa ikinasa kwenye vipokezi viwili vya seli, MT1 na MT2. Mwaka 2014 Marekani iliidhinisha tasimeltioni, dawa inayoamsha vipokezi hivyo, kwa watu, hasa vipofu, ambao saa yao ya mwili imekosa mwanga wa kuirekebisha.

Kinachonishangaza mimi ni uhusiano wa vipokezi hivi na kisukari. Mwaka 2009 watafiti waligundua kuwa tofauti fulani katika jeni ya MT2 huongeza hatari ya kisukari cha aina ya pili. Kumbe kongosho nalo lina vipokezi hivi! Maumbo ya MT1 na MT2 yalichapishwa 2019, na sasa wanakemia wanasaka molekuli itakayogusa kimoja bila kukichokoza kingine.