Mbwa wa Nyumbani Naye Ataka Kazi ya Akili

Katika mitaa ya Bujumbura, kuanzia Kinindo hadi Ngagara, si taabu kumwona mbwa aliyefungwa mnyororo nyuma ya nyumba tangu alfajiri hadi jua litue. Hupewa ugali wa jana na vichwa vya ndagala, hupewa maji akikumbukwa, na usiku hufunguliwa ili alinde. Wenye mbwa wa namna hii ni wengi miongoni mwa wasomaji wetu, maana askari na polisi hulala mara nyingi mbali na nyumba zao, nao hutaka pawe na kitu cha kuwalindia wake zao na watoto. Nia ni njema. Lakini baada ya miezi michache mbwa huyo huanza kubweka usiku kucha kwa kila jani linaloanguka. Huchimba mashimo, hutafuna viatu, huzunguka mahali pamoja mpaka ardhi ikafanya njia. Majirani huchukia. Siku mnyororo unapokatika naye akamrarua mtoto aliyekuwa akienda kuteka maji, husemwa kwamba ameingiwa na kichaa, na hukumu yake ni risasi au sumu.

Sisi twaona kwamba mara nyingi mbwa huyo hakuwa na kichaa. Alikuwa na akili iliyokosa kazi. Twasema mara nyingi, wala hatusemi kila mara, kwa kuwa ugonjwa wa kichaa cha mbwa upo kweli, na dalili zake zikisha kumtokea mwanadamu karibu hapana anayepona. Aliyeumwa na mbwa yeyote hana budi kuosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile. Na mbwa achanjwe kila mwaka. Hilo likisha kufanywa, ndipo twaweza kuzungumza juu ya mchezo.

Yafaa kwanza tumjue mnyama huyu. Mbwa wa vilima vya nchi hii ni wa uzao wa kuwinda. Wazee waliwavalisha njuga shingoni, ili mwindaji ajue mbwa wake wako upande gani wa kichaka, na kazi yao ilikuwa kunusa, kufuata, kuzingira na kukumbuka. Wataalamu hukadiria kwamba pua ya mbwa ina vipokezi vya harufu zaidi ya milioni 200, hali ya mwanadamu ina milioni 5 au 6 tu. Kiumbe mwenye chombo kama hicho, ukimfunga kwenye mti wa mwembe umbali wa hatua tatu, ni sawa na kumweka askari wa zamu mbele ya ukuta mtupu saa 12 bila mwenzake wa kumpokea. Atasinzia, au atafyatua risasi kivulini.

Wale miongoni mwa wasomaji wetu waliotumikia Mogadishu, ambako Burundi ilianza kupeleka majeshi yake mwezi Desemba 2007, wanajua habari za mbwa wa kunusa vilipuzi. Wengine wamesikia habari za Usa River, karibu na Arusha, ambako tangu mwaka 2014 mbwa hufundishwa kunusa pembe za ndovu zinazofichwa katika mizigo ya bandarini na ya viwanja vya ndege. Na hapa jirani, katika Hifadhi ya Virunga nchini Kongo, mbwa wa kufuata nyayo walianza kulelewa mwaka 2011 ili kuwasaidia walinzi dhidi ya majangili. Watu wengi hudhani kwamba mbwa kama hao hufanya kazi kwa kuogopa fimbo. Sivyo. Aghalabu mshahara wa mbwa wa kunusa ni mpira, au kipande cha kamba cha kuvutana na bwana wake. Kwa akili ya mbwa hakuna pembe wala baruti. Kuna mchezo wa kujificha na kutafutana, na harufu ile ni njia ya kuufikia mpira. Mkono mtupu haulambwi, walisema wahenga, na mbwa wa kazi wanalithibitisha neno hilo kila siku.

Basi kama mchezo ndio unaomfanya mbwa wa kazi adumu, kwa nini mbwa wa nyumbani anyimwe? Mwaka 2019 watafiti wawili, Charlotte Duranton na Alexandra Horowitz, walitangaza matokeo ya jaribio lao juu ya mbwa wa majumbani. Kundi moja lilipewa mazoezi ya kutafuta chakula kwa pua. Kundi la pili lilifundishwa kutembea ubavuni mwa bwana. Baada ya wiki mbili kila mbwa aliwekewa bakuli mahali asipoweza kujua kama lina kitu au halina. Wale waliozoea kunusa walilikimbilia upesi kuliko walivyofanya kabla ya mazoezi, kama viumbe wenye matumaini. Wale wa kutembea hawakubadilika.

Mchezo wa namna hiyo hauhitaji fedha. Chukua makopo matatu ya nyanya yaliyokwisha kutumika, uyapige kingo zake zisikate, uyafudikize chini, na chini ya moja uweke ndagala mkavu. Mwache mbwa atafute. Akisha kuelewa, ongeza makopo, au uyatawanye nyuma ya nyumba, chini ya kinu, kando ya tangi la maji. Chakula chake cha jioni chaweza kutawanywa majanini badala ya kutiwa katika sahani moja. Kile alichokuwa akikimeza kwa dakika moja sasa kitamshughulisha robo saa. Watoto nao wafundishwe kujificha mmoja mmoja, na mbwa aambiwe amtafute fulani kwa jina. Huko Marekani palikuwa na mbwa wa kike aitwaye Chaser, ambaye bwana wake, John Pilley, alimfundisha kwa michezo tu majina ya vitu vya kuchezea 1,022. Habari zake zilichapwa mwaka 2011. Hatusemi kila mbwa wa Nyakabiga atafika huko. Lakini majina matano hayamshindi mbwa yeyote mzima.

Liko jambo wanalobishania wafugaji wengi, hasa watu wa silaha: kwamba kuvutana kamba na mbwa humfanya ajione mkubwa wa nyumba. Nicola Rooney na John Bradshaw walilijaribu jambo hilo Uingereza, wakatangaza mwaka 2002 kwamba mbwa walioachwa washinde mvutano hawakuwa wakaidi zaidi ya wale walioshindwa. Vuteni basi bila hofu, mradi liwepo neno moja la kuachia, lile lile siku zote, na mbwa akiachia arudishiwe kamba mara moja. Meno yakigusa mkono, mchezo ukome papo hapo bila makelele. Mbwa huelewa adhabu hiyo kuliko teke.

Tahadhari ziko. Kokwa la embe, ambalo kila mtoto wa Bujumbura humrushia mbwa, laweza kumkaba koo au kuziba utumbo. Gunzi la mahindi vivyo hivyo. Jiwe humvunja meno. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vikali. Mpira wa majani ya migomba, ule wanaousokota watoto, si mbaya, ila uondolewe unapoanza kuchanika. Joto la bonde la Imbo nalo si la kuchezewa: mbwa hapoi kwa jasho kama sisi bali kwa kuhema, na anayehema sana hawezi kunusa vizuri. Saa 12 asubuhi na saa 11 jioni ndizo saa zake, kwa muda wa dakika 10 au 15. Tena msimrushie fimbo majini kwenye fukwe za Tanganyika, wala karibu na mlango wa Rusizi. Mamba aliyeitwa Gustave alijulikana duniani kote kwa sababu ya mahali hapo, naye hakuwa peke yake.

Ndugu zetu wa Buyenzi waliokuwa wakituuliza kama maneno haya yawahusu, maadam mate ya mbwa ni najisi kwa madhehebu yao, twawakumbusha kwamba sheria yao hiyo hiyo imemtenga mbwa aliyefundishwa: alichokikamata mbwa wa kuwinda aliyefunzwa, akatumwa kwa jina la Mungu, ni halali kuliwa. Mafunzo basi yana hadhi yake. Na michezo ya makopo na majani haimlazimu mtu kumgusa mbwa hata kidogo.

Wako watakaosema kwamba mbwa anayecheza hatalinda. Mbwa anayebweka kwa kila kitu ndiye asiyelinda, kwa kuwa wenye nyumba wamekwisha kuzoea kelele zake, hawaamki tena. Aliyeshughulishwa jioni hulala, masikio yake yakiwa wazi, na akibweka saa 8 usiku kuna sababu.

Linalobaki ni la utaratibu. Askari anayepelekwa mkoani kwa miezi mitatu asiondoke na mchezo wake. Kabla ya safari, mke au mtoto mkubwa achukue kamba na makopo kwa wiki nzima, atumie maneno yale yale, huku bwana mwenyewe akikaa kando bila kusema kitu, mpaka mbwa akubali kwamba mpira waweza kutoka katika mkono mwingine. Vifaa vyenyewe vikisha kutumika viwekwe juu, mahali asipofikia. Kamba inayolala uani mchana kutwa hugeuka takataka machoni pake, na kesho yake hataitazama.